Ile Gemu Sikupewa

Elinami mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua, hatawaachia mtoke bila kula. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimezima pasi, nimetandika karatasi juu ya meza ya kunyooshea nguo, maana ndiyo meza pekee ambayo mkono wangu umeizoea. Mashati ya watu yatasubiri mpaka uondoke.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kukumbatia begi ukifika stendi ya Dar es Salaam, mama yako ameshakuambia, na kesho alfajiri atakuambia tena kupitia dirisha la basi. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka mingi. Lakini unanijua, sifiki mahali bila kuzunguka kwanza.

Basi nianze na vitabu.

Ulipokuwa mdogo uliamini baba yako amesoma sana, kwa sababu nilikuwa narudi likizo kutoka hotelini nilikokuwa dobi, na hadithi za watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota. Ukweli ni kwamba wageni waliviacha vile vitabu vyumbani, vile vya karatasi nyepesi vyenye picha ya chombo cha angani kwenye jalada, na hakuna aliyevitaka. Msimamizi alituruhusu tuvichukue. Nilivisomea kwenye chumba cha kufulia nikisubiri shuka zikauke, na pale ukingoni mwa kreta, kwa ule ukungu, shuka zinakupa nafasi ya kumaliza kitabu kizima. Kamusi yangu ilikuwa imepoteza kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanza na A yananipiga chenga.

Nilivipenda, ila nilikuwa nagombana navyo. Katika vile vitabu vyote hakuna anayefua. Watu wamefungiwa ndani ya chombo miaka na miaka, wamevaa nguo nyeupe zinazobana, na hakuna mahali mwandishi ametaja nani anazifua na maji yanatoka wapi. Mimi dobi siwezi kuiamini safari ya namna hiyo. Tena nahodha hana kwao. Hapati barua ya kumwambia mdogo wake anaoa, paa la mama linavuja, mchango wake unangojewa. Mtu akiondoka kwao bila hata mmoja wa kumsumbua, huyo hajasafiri, amepotea tu.

Pale getini tulikuwa na askari anaitwa Saning'o, Mmasai wa Malambo, aliyekuwa akija kuota moto wa boila la kuchemshia maji na kunitaka nimsimulie. Siku moja nikamweleza habari za viumbe waliotoka nyota ya mbali kuja kuiteka dunia.

“Huko kwao wana ng'ombe?” akaniuliza.

“Hawana.”

“Na walipofika hapa, wakachukua ng'ombe?”

“Hapana. Walichoma miji.”

Akafikiri sana, mikono kaielekeza motoni. “Basi hao walikuwa wamepotea njia. Wangepata mtu wa kuwaelekeza.”

Sijasikia maoni bora kuliko hayo juu ya vitabu vile, wala sijayasoma.

Na kuhusu mwaka elfu mbili walikosea wote. Walisema tutakuwa na magari yanayoruka. Mwaka ukafika, na mimi na wewe tukawa tunasukuma Landrover ya mchungaji kwenye tope la Rhotia, umekumbuka? Viatu vyako vikabaki humo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeota kwamba Saning'o atakuwa anachunga ng'ombe wake na simu ikining'inia shingoni pamoja na shanga, akimuuliza mwenzake wa Soitsambu kama huko mvua imenyesha. Hilo liliwapita.

Sasa nije kwenye michezo, maana jambo langu limekaa huko.

Kule hotelini nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli. Anaitwa Bura, Mwiraqw wa Qurus, alikuwa mhudumu wa vyumba. Yeye alikuwa anatoa shuka vyumbani, mimi nazipokea. Tukimaliza kazi tulicheza drafti nyuma ya jiko, ubao wa kipande cha sanduku la chai alichokichora yeye mwenyewe, kete za vizibo vya soda. Bura alikuwa ananifunga karibu kila siku, na alikuwa na tabia ya kuimba wimbo wa kanisani kabla hajakula kete zako tatu kwa mpigo. Nilikuwa namchukia kwa dakika mbili, halafu tunapanga upya. Drafti ina uzuri huo: anayekufunga yuko mbele yako, unamuona uso.

Wakati huo wewe ulikuwa darasa la kwanza. Mkacheza kombolela, ukapanda ukuta wa jirani ili usionekane, ukaanguka. Mguu ulivunjika mahali pawili. Nilipokuja likizo nilikukuta umefungwa hogo kutoka pajani mpaka kwenye vidole, umekalishwa mlangoni ukiwatazama wenzako wakicheza rede. Hukulia. Ulikuwa unawahesabia wenzako wamekwepa mpira mara ngapi, na wao hawakukuomba uwahesabie. Nilirudi kazini na picha hiyo.

Siku chache baadaye, ndani ya mzigo wa shuka nilizoletewa, nikapapasa kitu kigumu. Ilikuwa ile gemu. Ile ya kijivu, ya matofali yanayodondoka.

Utaratibu ulikuwa unajulikana. Kitu cha mgeni kikionekana, kinakwenda kabatini kwa msimamizi na kuandikwa. Nilikishika kile kitu nikabonyeza kitufe, kikaanza kulia ti-ti-ti, na nikakuona wewe pale mlangoni na mguu wako. Nikakitia mfukoni. Nilijiambia nitakirudisha mguu ukipona, nitasema nimekiona nyuma ya mashine. Mwanangu, wakati ule nilijiamini kabisa.

Kesho yake mchana ikaja sauti kwenye redio ya mawasiliano kutoka Serengeti. Dereva wa wale wageni anauliza kama kuna mchezo wa mtoto umeonekana chumbani, mtoto wao amekataa kula. Msimamizi akatukusanya wote. Alikuwa mama mmoja wa maneno machache. Akauliza mmoja mmoja. Nilipofikiwa nikasema, “Mimi sijaona kitu, mama.” Na ilikuwa inanigonga pajani, ndani ya mfuko, chini ya aproni.

Aliyesafisha chumba kile alikuwa Bura.

Walipekua kitanda chake na sanduku lake. Hawakukuta kitu, na msimamizi akasema kutokukuta si ushahidi, kwa sababu gari la mboga lilikuwa limeshuka Karatu asubuhi ile na mtu angeweza kutuma chochote. Jioni hiyo akaambiwa aondoke. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba chetu akifunga nguo zake. Hakuniangalia kwa shaka hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Akanipa ule ubao wa drafti.

“Utunze,” akasema. “Wakigundua wamekosea nitarudi tuendelee.”

Nilisema, “Sawa.” Ndilo neno nililokuwa nalo.

Gemu ikafika kwako. Wewe unakumbuka upande wako, mimi nikukumbushe wangu. Nilipokukabidhi uliruka na hogo lako mpaka mama yako akapiga kelele. Ukaniuliza, “Baba, umeipata wapi?” Nikakujibu, “Mzungu alinipa, kwa sababu nilimnyooshea shati vizuri.” Sijui shati lilitoka wapi. Uongo unapenda vitu vidogo vidogo vya kuufanya ukae.

Niliwahi kuicheza mara moja ukiwa umelala mchana. Matofali yanashuka, unayapanga, mstari ukijaa unafutika, yanashuka mengine kwa kasi zaidi. Nikagundua hakuna namna ya kuishinda. Unachoweza ni kuchelewa kushindwa. Nikaizima. Haukuwa mchezo mzuri kwa mtu mwenye siri.

Mguu ukapona. Sikuirudisha. Ningeirudisha vipi? Kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi. Halafu mwalimu wenu akawapa insha, “Baba yangu,” nawe ukaandika habari ya shati la Mzungu. Mwalimu aliisoma mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Watu wakapiga makofi, wakageuka kunitazama, nami nikasimama nikawapungia mkono. Nilisimama, Elinami. Hakuna aliyenilazimisha.

Sasa tufike kwenye siku ambayo najua hujaisahau, kwa sababu mwaka jana uliitaja kwa utani na hukucheka vizuri.

Ulikuwa darasa la nne. Nilikuwa likizo. Nikatoka uani nikakukuta umeifungua ile gemu kwa kisu cha jikoni, umevipanga vipande vyake juu ya sinia kwa mstari, skrubu peke yake, vitufe peke yake. Ukaniambia kwa furaha, “Baba, nimeangalia ndani. Hakuna matofali! Kuna kibao cha kijani tu. Sasa matofali yanatoka wapi?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Kesho unakwenda chuo kwa sababu ya swali hilo. Na mimi nilikujibu kwa mkanda.

Nilikuchapa vibaya, na hukuelewa kwa nini, kwa sababu haikuwa kwa kosa lako. Nilivyoona vile vipande nilijua kwamba sasa haiwezi kurudishwa tena kwa mtu yeyote. Mpaka saa ile, miaka mitatu baadaye, kumbe bado nilikuwa najidanganya kwamba iko siku nitairudisha. Nilipochoka, wewe ulifuta pua kwa kiganja, ukanisogelea, ukanishika suruali.

“Pole, Baba,” ukasema. “Yule Mzungu atakupa nyingine.”

Nilitoka nyumbani saa ileile. Nilipita sokoni, nikapita mashine ya kusaga, nikashika njia ya Qurus kwa miguu. Wale waandishi wa vitabu wana mashine ya kumrudisha mtu nyuma arekebishe alipokosea, na kila mara inaharibika au inamletea balaa jipya. Nimewaza sana juu ya mashine hiyo. Ningepewa, nisingekwenda mbali. Ningefika chumba cha kufulia, siku ile, kabla sijaitia mfukoni. Lakini nilichokuwa nacho ni ile njia ya vumbi, na ilikuwa inakwenda upande mmoja tu.

Bura nilimkuta uwanjani kwake anapepeta maharage na mke wake. Kulikuwa na binti yao wa umri wako, anaokota yaliyoruka. Alifurahi kuniona, akajipangusa mikono. “Shemeji yako akuletee uji,” akasema. Nikamwomba tusogee pembeni, kwenye ua wa minyaa.

“Bura, ile gemu niliichukua mimi.”

“Gemu gani?”

Alikuwa anajua ni gemu gani. Alitaka niseme yote, nami nikasema yote, mpaka mfuko na aproni. Alisikiliza akivunja kijiti vipande vidogo vidogo.

“Baba alikufa mwaka jana,” akasema mwishowe. “Unajua, tangu nilipofukuzwa, akienda safari ufunguo wa ghala alikuwa anamwachia mke wangu. Siyo mimi. Hakuwahi kunitukana, hakuwahi kuniuliza. Ufunguo tu. Mpaka anakufa.”

“Nisamehe, ndugu yangu.”

“Usiniambie hivyo!” Hapo ndipo alipopandisha sauti, na mke wake akaacha kupepeta. “Umetembea kutoka Karatu uje unitwishe hili mimi? Nilibebe tena? Liseme kule ulikosemwa uongo. Mbele ya walewale.”

Uji ulikuja. Hakuna aliyeunywa.

Nilimwambia mama yako siku hiyohiyo. Akasema, “Nilijua hukupewa. Wageni wanatoa peni na fulana, hawatoi vitu vya watoto wao. Nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa anacheka.” Kwa hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja na ukimya wake, ndani ya chumba kimoja. Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia. Akaingia ndani akaninyooshea shati la kanisani, yeye ambaye hajawahi kunishikia pasi tangu nimwoe, maana husema hawezi kumnyooshea dobi. Mimi nilijua kwamba amekubali.

Niliporudi hotelini niliomba kusema mbele ya wafanyakazi wote, asubuhi, kabla ya chai. Msimamizi alikuwa yuleyule. Nilisema kwa sentensi tatu au nne. Saning'o alikuwa amesimama nyuma na fimbo yake, akatazama chini mpaka nilipomaliza. Nilifukuzwa siku hiyo, na ilikuwa haki. Niliomba kitu kimoja, barua yenye mhuri ya kusema kwamba Bura hakuiba. Yule mama aliiandika mwenyewe, kwa mkono. Bura alikuwa mhudumu wake bora, na aliyemfukuza ni yeye. Sikuwa peke yangu niliyebeba kitu siku ile.

Kwa hiyo, mwanangu, si mgongo. Tulikuambia nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo, na miaka hii yote umekuwa ukikimbia kuninyanyulia ndoo za maji. Mgongo wangu ni mzima. Mama yako alisema tukuache kwanza ukue, nami nikalipenda wazo hilo kuliko nilivyopaswa kulipenda.

Barua nilimpelekea Bura. Aliisoma mara mbili, akamwita mama yake, akamtafsiria kwa Kiiraqw, taratibu. Yule bibi akanitazama, akasema kitu kifupi.

“Anauliza kwa nini haikuja mzee akiwa hai,” Bura akanitafsiria.

Niliinama mbele ya yule bibi, nikaondoka.

Nisikudanganye kwamba tulirudi kuwa marafiki. Baadaye alipata kazi kwenye kambi ya watalii hapa mjini, na ile barua ilimsaidia. Tukikutana msibani tunasalimiana, ananiuliza watoto hawajambo, namuuliza mahindi. Inaishia hapo. Zamani nilikuwa nangoja siku atakayonikaribisha tukae. Sasa singoji. Nimejifunza kwamba ukisema ukweli, aliyeumizwa halazimiki kukulipa kwa tabasamu. Ana haki ya kukusalimia tu akapita.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia leo, baada ya kunyamaza kiasi hiki. Ningependa kusema ni ujasiri. Jumamosi nilikwenda kukukatia tiketi, na kwenye foleni mbele yangu alikuwa Bura. Anamkatia binti yake Fausta, yule aliyekuwa anaokota maharage. Basi lilelile, chuo kilekile. Karani akatupa viti vya jirani bila kutuuliza. Tulitoka nje pamoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisimama.

“Wangu anajua,” akasema. “Nilimwambia alipofika kidato cha kwanza. Wako anajua?”

Nikamwambia bado.

“Basi mwambie wewe,” akasema. “Siyo vizuri aisikie kwa mwanangu, njiani.” Akaenda zake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamhurumia mtoto wa mtu.

Kesho utakaa karibu na Fausta kwa siku nzima. Sikuagizi la kumwambia. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo lilikuwa langu na nimeshalisema. Ukitaka kuzungumza naye habari hii, zungumza. Ukitaka kuongea habari za chuo, ongea. Ukiona huwezi kumtazama, tazama dirishani mpaka Moshi, ukifika huko utaona ule mlima wenye theluji, huenda utapata la kuanzia.

Na kuhusu mkanda. Siku ile ulikuwa na akili kuliko mtu mzima yeyote ndani ya uwanja ule. Ulitaka kujua ndani kuna nini. Endelea hivyo hivyo, hata kwangu. Huko utakutana na watu wenye vyeti watakaokuchapa kwa maneno kwa sababu umefungua kitu walichotaka kibaki kimefungwa. Ukiwaona, jua wanaogopa, kama mimi nilivyoogopa.

Nasikia sauti ya mama yako kule barabarani, anamsalimia kila mtu. Barua hii naiweka ndani ya kamusi yako, nami naihamishia juu kabisa ya begi utakalopakata; kesho ukipanda basi nitakuambia uifungue kwanza.

Ukishaisoma usinipigie kuniambia umenisamehe, wala kwamba hujanisamehe. Hilo lipe muda wake, hata likichukua miaka. Ukifika, nipigie uniambie umefika, na kama chumba kina dirisha. Nitaipokea kabla haijaita mara ya pili.

Baba yako